Kutoka Mtini Hadi Pete: Shajara ya Kuhesabu Ndege na Miti Unguja

Kazi hii ilifanyika katika likizo ndefu ya chuo, wakati wa kipupwe, mvua za masika zikiwa zimekwisha na kusi likivuma mfululizo. Tulikuwa wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, tukiongozwa na mwalimu wetu wa ikolojia, na swali tulilopewa lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: mtu akitoka katikati ya Mji wa Zanzibar akaelekea shamba, ni viumbe gani wanaobadilika njiani, na kinachowabadilisha ni nini hasa?

Swali hilo si letu peke yetu. Mwaka 1990 wanaikolojia wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Mark McDonnell na Steward Pickett, walipendekeza kwamba mstari unaotoka kitovu cha jiji hadi mashambani utazamwe kama jaribio ambalo binadamu wamekwisha kulifanya bila kukusudia, na kazi ya mtafiti ibaki kuyasoma matokeo. Mstari wao ulianzia New York na kuishia katika misitu ya Connecticut, safari ya zaidi ya kilomita mia moja. Kwetu Unguja, kutoka Darajani, sokoni mjini, hadi msitu wa Jozani ni kilomita zipatazo 35 tu, na gari la Makunduchi, namba 310, linaumaliza mstari mzima kabla abiria hajamaliza mazungumzo na jirani yake. Ufupi huo una faida, kwa kuwa vituo vingi vinaweza kupimwa katika msimu mmoja na hali ya hewa moja, lakini una hila zake pia, kama tulivyokuja kubaini kabla ya wiki kwisha.

Utaratibu ulikuwa huu. Katika kila kituo tulisimama dakika 10, tukaandika kila ndege aliyeonekana au kusikika ndani ya duara la nusukipenyo cha mita 50, tukiwatenganisha walio ndani ya mita 25 na walio nje yake. Kisha tulipima kwa futikamba mzingo wa kila mti mkubwa katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kukisia sehemu ya duara iliyofunikwa na bati, saruji, majani au udongo mtupu. Vituo havikukaribiana chini ya mita 250, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Tulianza jua linapochomoza, karibu saa 12 na nusu, na kuacha saa 3 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo ndege wengi hunyamaza. Kibali cha utafiti tulikuwa nacho, lakini karatasi yenye muhuri haimtoshi mtu anayesimama na darubini mbele ya nyumba za watu. Katika kila shehia tulipiga hodi kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na baadhi yao walitupa mtu wa kutufuata. Mtu huyo alitufaa kuliko tulivyotarajia, kwani ndiye aliyejua kila mti ni wa nani.

Jumatatu, Mji Mkongwe

Kituo cha kwanza kilikuwa Mtini, pale Mizingani, chini ya mti mkubwa unaosimuliwa kuwa ulipandwa mwaka 1911 na Sayyid Khalifa. Kutoka hapo tulipita Forodhani, tukaingia katika vichochoro vya Mkunazini na kumalizia Darajani, sokoni. Orodha ya ndege ilikuwa fupi na ileile karibu kila kituo: njiwa manga kwenye kuta za mawe, shomoro chini ya mabati, na kunguru kila mahali. Mzee mmoja aliyekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa alituuliza tunahesabu nini, na tulipomjibu alicheka, akasema, "Basi wanangu, kama ni kunguru, mtakesha."

Inafaa nieleze habari za kunguru huyu, kwa sababu ndiye aliyeufuata mstari wetu hadi mahali ambapo hatukumtazamia. Ni kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, na si mwenyeji wa visiwa hivi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, mwanzoni mwa himaya ya Waingereza, kwa matumaini kwamba angesaidia kula taka za mji. Taka alizila, lakini akala pia mayai na makinda ya ndege wadogo, akamfukuza kunguru mwenyeji mwenye kifua cheupe katika sehemu nyingi alizokuwa akiishi, kisha akavuka bahari na kusambaa katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 iliendeshwa kampeni ya kuwapunguza kwa sumu maalumu, wakapungua sana. Kampeni ilipokoma waliobaki walizaana upya, na kwa mtu aliyesimama Darajani alfajiri wakati samaki wanashushwa, ni vigumu kuamini kwamba waliwahi kupungua.

Jambo lililotusumbua siku hiyo ni la kipimo. Mji Mkongwe una miti zaidi ya inavyoonekana njiani, kwa sababu mingi imefichwa ndani ya nyua zenye kuta ndefu. Mara kadhaa tulimsikia chozi akilia nyuma ya ukuta pasipo kumwona, na pikipiki moja ikipita kichochoroni hata sauti yake hupotea. Kwa hiyo idadi ndogo ya ndege katika daftari la mjini ina maana mbili zilizochanganyika: huenda ndege hawapo, na huenda wapo lakini kelele na kuta zimetuzuia kuwapata. Mwalimu alitutaka tuandike, kwa kila ndege, kama tulimwona au tulimsikia tu, na agizo hilo dogo ndilo lililookoa data yetu baadaye.

Jumanne, Michenzani hadi Mwanakwerekwe

Siku hii haina mengi. Tulipita katikati ya majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha Kikwajuni, Amani, na hatimaye Mwanakwerekwe. Katika nafasi pana zilizoachwa kati ya majumba hayo tulipata shore na tetere, ndege ambao vichochoro vya jana vilitunyima, ingawa vituo vyote viwili viko mjini na umbali kati yao mtu anautembea bila kutoka jasho. Nilidhani kwamba kadiri nyumba zinavyozidi kuwa ndefu ndivyo ndege wanavyopungua. Kumbe nyumba ndefu zilizoachiana nafasi huwafaa ndege kuliko nyumba fupi zilizobanana hadi bati likagusana na bati.

Ubanano huo ndio uliotawala tulipoondoka Amani. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya mwaka 2012, na katika sensa ya 2022 wakafika 893,169, ongezeko la karibu watu 300,000 katika miaka 10. Takwimu hizo nilizisoma darasani zikaniingia sikio moja na kutokea la pili. Nilizielewa nilipokisia duara baada ya duara kati ya Amani na Mwanakwerekwe na kuandika kila mara kwamba bati na saruji zimechukua karibu nafasi yote. Kipimajoto chetu, ambacho tulikiweka kivulini kila kituo, nacho kilipanda mapema zaidi asubuhi katika sehemu hizo kuliko kando ya bahari.

Jumatano, Fuoni na Jumbi

Hapa ndipo mji unapokutana na shamba, na hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu kuhusu utafiti mzima.

Mtu anayepita barabarani garini huona maduka, gereji, matofali yaliyopangwa na nyumba ambazo hazijaezekwa, akasema huu ni mji. Akishuka na kufuata njia za udongo hatua mia mbili hivi, anakuta mihogo, migomba, minazi mirefu, banda la ng'ombe na mtoto anayekata majani ya mbuzi, na anaweza kuapa kwamba yuko shamba. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Sababu yake iko katika historia ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi zikagaiwa mashamba ya eka tatu tatu, ambayo hadi leo watu huyaita kwa ufupi "eka". Mashamba hayo yalipokaribiwa na mji yalianza kukatwa viwanja, kimoja kimoja, si kwa ramani ya mipango miji bali kwa mahitaji ya kila familia: harusi, matibabu, ada ya skuli, au mtoto anayetaka kujenga. Matokeo yake ni kitambaa cha viraka ambacho hakuna mtu mmoja aliyekishona.

Tuliyemtegemea siku hiyo, kijana aliyetolewa na sheha, alitupeleka kwenye eka iliyokuwa imebaki na miembe mitano ya zamani, mikubwa kiasi kwamba futikamba yetu ilituhitaji wawili kuizungusha. Nyumba zilikuwa zimeizunguka miti hiyo pande zote, na chini yake hapakuwa na kiwanja. Tuliingia, tukamwamkia bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele ukumbini, tukamweleza kazi yetu, kisha nikamuuliza kwa nini miembe haikukatwa wakati kila kitu kingine kimeuzwa.

"Mwanangu," akasema, "ardhi tumeshagawana, kila mtu na kipande chake. Lakini miembe ni ya marehemu baba. Kuikata lazima mtuite sote tuliorithi, na mmoja wetu yuko Maskati, mwengine hatuongei naye."

Jibu hilo lilitufundisha kitu ambacho fomu zetu hazikuwa na nafasi ya kukiandika. Zanzibar mti wa kudumu huweza kuwa na mwenyewe, na ardhi inayouotesha ikawa na mwenyewe mwengine; mnazi, mkarafuu au mwembe hurithiwa, huuzwa au kuwekwa wakfu peke yake. Baba anapofariki, shamba hupimwa na kugawiwa kwa mafungu yanayojulikana, lakini mwembe haugawanyiki, na matunda yake ndiyo yanayogawiwa kila msimu. Kwa hiyo mti hubaki umesimama si kwa sababu mtu amedhamiria kuutunza, bali kwa sababu ruhusa ya kuukata inahitaji watu wengi kukubaliana, na kukubaliana kwa warithi ni kazi nzito kuliko shoka.

Ndege, kwa upande wao, hawajali sababu. Katika dakika 10 chini ya miembe ile tulipata tetere, pugi, shore, chozi, minana waliokuwa wakisuka viota kwenye mnazi wa jirani, dudumizi aliyelia kichakani, na mbayuwayu waliopita juu. Aina nyingi kuliko kituo chochote tulichokuwa tumekipima tangu Mtini. Kunguru walikuwepo pia, lakini wachache, na kila walipotua shore waliwazonga mpaka wakaondoka. Tulisogea mita 300 mbele, kwenye eka ambayo yote imekwisha kuwa viwanja na miti yake imekatwa, tukakuta orodha ya Amani: shomoro, njiwa, kunguru. Umbali kutoka mjini ulikuwa uleule. Shehia ni moja, udongo ni mmoja, hata watu ni ukoo mmoja. Kilichotofautiana ni kwamba warithi wa eka ya pili walikuwa wamepatana.

Mwenzangu mmoja alisema kwa mzaha kwamba tungepaswa kuja na kadhi badala ya darubini. Nililiandika hilo daftarini, na sikuliandika kwa mzaha.

Alhamisi, Tunguu na Kibele

Tunguu tunaifahamu, kwa sababu kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iko huko, na wengi wetu tuliidhani kuwa ni shamba tupu lenye madarasa katikati. Tulipopima kwa utulivu tuliona ofisi, nyumba mpya na viwanja vilivyowekewa mawe ya mipaka, yaani mji unaokuja kwa kuruka, ukiacha nafasi nyuma yake na kuzijaza baadaye. Ndege walikuwa wa sehemu za wazi: yangeyange nyuma ya ng'ombe, mwewe angani, na ndege wadogo wa majani ambao tulitumia muda mrefu kubishana majina yao.

Mshangao wa siku ulikuwa Kibele, ambako liko jaa kuu la taka zinazokusanywa mjini. Kwa hesabu ya mstari wetu, Kibele ni shamba: nyumba ni chache, vichaka ni vingi, na umbali kutoka Darajani ni mkubwa. Kwa mujibu wa dhana tuliyoianza nayo, kunguru wa Bara Hindi alipaswa kuwa amepungua sana hapo. Tulisikia sauti yao kabla hatujaliona jaa lenyewe. Walikuwa wengi kiasi kwamba kuhesabu mmoja mmoja hakukuwezekana, ikabidi tuhesabu kwa makundi kama wanavyofanya watu wa ndege wa ufukweni, na pamoja nao walikuwepo mwewe na yangeyange waliokuwa wakitembea juu ya taka kama walio nyumbani kwao.

Hakuna la ajabu katika hilo mtu akifikiri vizuri. Kunguru aliletwa kwa ajili ya taka, na taka zilipohamishwa alihama nazo. Mji umepeleka sehemu yake moja shamba kwa lori, na kiikolojia sehemu hiyo ingali mji. Mfanyakazi mmoja wa jaa alituambia kwamba jioni makundi makubwa huruka kuelekea upande wa mjini kulala, na asubuhi hurudi. Kama ni hivyo, basi kunguru wa Kibele na wa Darajani huenda wakawa ni walewale, na vituo vyetu viwili tulivyovihesabu kuwa mbali vina wakazi wa pamoja. Kulithibitisha hilo kunahitaji kuwawekea ndege alama, jambo lililo nje ya uwezo wa likizo moja.

Nina malalamiko madogo juu ya vitabu vya ikolojia ya miji tulivyosomeshwa: vingi huchora mji kama duara linalofifia kutoka katikati kwenda pembeni. Unguja haifanani na mchoro huo, na nashuku kwamba miji mingi ya mwambao wetu haifanani nao.

Ijumaa, darasani

Hatukutoka. Asubuhi tuliingiza data kwenye kompyuta hadi wakati wa kwenda kuswali, na baada ya swala tulikaa na mwalimu kuzipitia. Yeye ndiye aliyetuonesha hila ya ufupi wa kisiwa niliyoitaja mwanzo. Upande wa magharibi wa Unguja, ulipo mji, una udongo wenye kina, unaoweza kuotesha mikarafuu, miembe na minazi. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, mwamba wa matumbawe ya kale wenye udongo haba kwenye mashimo yake. Mstari wetu wa Darajani hadi Jozani unatoka mjini kwenda shamba, lakini papo hapo unatoka pia kwenye udongo mzito kwenda kwenye mawe. Miti mikubwa ikipungua tunapokaribia Bungi, je, ni kwa sababu tumeuacha mji au kwa sababu tumeuacha udongo? Kwa mstari mmoja swali hilo halijibiki, hata tungeongeza vituo maradufu.

Dawa yake ilikuwa kuchora mstari wa pili unaotoka mjini bila kuuacha udongo mzuri, nao ni wa kaskazini: Maruhubi, Bububu, Masingini, Kizimbani. Ratiba ikabadilishwa, na waliopanga kwenda kwao Jumamosi waliahirisha safari, wengine kwa manung'uniko.

Jumamosi, Bububu, Masingini na Kizimbani

Barabara ya Bububu ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1905 kulikuwa na reli kutoka mjini hadi hapo, na makazi yaliifuata njia hiyo tangu wakati huo. Kwa sababu hiyo mji wa upande huu ni utepe mwembamba kando ya barabara, na nyuma ya utepe kuna minazi. Vituo vya Maruhubi na Bububu vilitupa orodha iliyokaribiana na ile ya Michenzani, na nyuma kidogo tu orodha ikabadilika.

Masingini ni hifadhi iliyo juu ya mgongo wa ardhi na inalinda vyanzo vya maji vinavyoulisha mji. Iko karibu mno na mjini hivi kwamba kutoka baadhi ya sehemu zake bahari na mapaa ya mji huonekana. Kama umbali ungekuwa ndio sababu kuu, Masingini ingefanana na Fuoni. Haifanani. Tulipoingia chini ya kivuli tulianza kusikia ndege wa msituni, wengi wao tusiowaona kabisa, na kunguru wakatoweka kwenye fomu zetu, ingawa tulikuwa tukisikia honi za magari kutoka chini.

Kizimbani tulifika jua likiwa limepanda, tukapima vituo vichache tu. Ni eneo la mashamba ya viungo na la utafiti wa kilimo tangu enzi za ukoloni, na mchanganyiko wa mikarafuu, mifenesi, mishelisheli, michungwa na midalasini huko ni mzito kuliko msitu wa kupandwa. Mkulima mmoja aliyekuwa akiangalia mikarafuu yake, baada ya kusikia swali letu, alitukumbusha tufani ya mwaka 1872, iliyoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuipa Pemba uongozi wa zao hilo. Yeye aliisimulia kana kwamba babu yake alimsimulia jana. Mchanganyiko wa miti tunaouona sasa, alisema, ni kazi ya watu waliojifunza wasitegemee mti wa aina moja. Sijui kama ndivyo kwa kila shamba, lakini kwa ndege mchanganyiko huo una maana ya wazi: wakati wowote wa mwaka kuna kitu kinachotoa ua au kuzaa tunda.

Jumapili, Jozani na Pete

Mwisho wa mstari wa mashariki ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Msitu wenyewe umekaa katika bonde lililo kati ya matuta ya mwamba wa matumbawe, maji yakiwa karibu sana na uso wa ardhi, na wakati wa masika sehemu zake hufurika. Mitondoo yake mirefu inatokana na maji hayo. Tulisimama vituo vya ndani kwa muda uleule wa dakika 10, na karibu kila tulichokiandika kilikuwa sauti. Idadi ya ndege kwenye karatasi ilionekana ndogo kuliko ya ile eka ya miembe mitano, na mwenzetu mmoja akakimbilia kusema kwamba bustani za watu zimeushinda msitu.

Sikubaliani naye, na nilimweleza hivyo. Kwanza, msituni tunasikia bila kuona, na anayesikika tu huhesabiwa pungufu. Safu ile ya "ameonwa au amesikika" tuliyoianza Mji Mkongwe ilituwezesha kulinganisha kwa haki, na tofauti ikapungua. Pili, aina tulizozisikia Jozani hatukuzipata Fuoni hata mara moja, ilhali karibu kila ndege wa Fuoni anapatikana Kizimbani, Bububu na hata Michenzani. Aina 10 zinazoishi popote si sawa na aina 10 zisizo na pengine pa kwenda, na mtu anayetaka kisingizio cha kukata msitu asikitafute katika data yetu.

Ukingo wa hifadhi, upande wa kijiji cha Pete, ulikuwa na somo lake. Kima punju, ambaye haishi popote duniani isipokuwa Zanzibar, hupatikana mashambani kando ya msitu kwa wingi, akila majani machanga ya mikungu na miembe iliyopandwa na watu. Mwaka 1997 Thomas Struhsaker na wenzake waliandika kwamba kima hao wa mashambani hula pia makaa, na kwamba makaa hupunguza madhara ya kemikali zilizomo katika majani hayo. Tabia hiyo huwawezesha kuishi kwa msongamano mkubwa mahali ambapo chakula kingewadhuru. Sensa iliyochapishwa miaka ya karibuni ilihesabu zaidi ya kima punju 5,800 Unguja, na sehemu yao wako nje ya maeneo ya hifadhi, katika vichaka na mashamba. Wenye mashamba wana hesabu yao vilevile: nazi changa zinazoliwa ni fedha, na fungu la mapato ya watalii linalorudi vijijini hawalioni wote kuwa linatosha. Mzee aliyetupitisha kwenye shamba lake hakuwa na hasira, ila alitaka tuandike. "Andikeni na hili, vijana wangu. Mkungu wangu, mnazi wangu, na kima ni wa Serikali."

Tuliliandika. Ni suala lilelile la Fuoni limegeuzwa upande: huko miti ya wengi inawaweka ndege, hapa mti wa mtu mmoja unamlisha mnyama wa wote.

Jumatatu, Tunguu

Tulirudi kwenye kompyuta na kuchora upya. Tulipopanga vituo kwa umbali kutoka Darajani, nukta zilitawanyika bila mwelekeo unaoaminika, Kibele ikiwa juu kwa kunguru na Masingini ikiwa chini kabisa. Tulipopanga kwa kivuli cha miti mikubwa iliyobaki ndani ya duara, na kwa ukaribu wa taka, nukta zikaanza kujipanga, kwenye mstari wa mashariki na wa kaskazini pia, jambo linaloonesha kwamba udongo peke yake si maelezo ya kutosha. Mwalimu ametukataza kusema zaidi ya hapo kwa data ya msimu mmoja, na ana haki. Ameturuhusu hata hivyo kuongeza safu mpya kwenye fomu, ambayo sijaiona katika fomu za kwingine: mti ni wa nani, na wenye haki nao ni wangapi.

Nakala za orodha zimepelekwa kwa masheha wote. Marudio yamepangwa wakati wa vuli, ndege wahamiaji kutoka kaskazini watakapokuwa wamefika, na vituo vitakuwa vilevile, isipokuwa kimoja cha Fuoni, ambacho kijana wa sheha ametupigia simu kutuarifu kwamba aliyeko Maskati amekuja likizo na mnunuzi ameshapima kiwanja.